Kichwa cha Kioo cha Mama Sude

Siku ya kwanza Wilfried alipomwona mama mkwe wake, alimwita papa, yaani baba.

Alikuwa amerudi Baraka, mji wa kando ya ziwa, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na mali yake kubwa ilikuwa mlango wa chuma wa tanuri la mikate. Bawaba ya mlango huo ilikatika safarini. Watu wakamwelekeza kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya soko la samaki. Akamkuta mtu amechuchumaa juu ya nanga, amevaa ovaroli ya bluu, uso wote umefichwa na kinyago, cheche zinaruka kila upande. Wilfried akautua mlango, akavua kofia.

“Jambo, papa. Naomba unisaidie kidogo.”

Yule mtu akamaliza mstari wake wa moto bila haraka, kisha akainua kinyago. Alikuwa mwanamke wa makamo, ana pengo mbele, na mashavuni ana alama ndogondogo za cheche kama mtu aliyemwagiwa ufuta.

“Papa iko ku kaburi,” akasema. “Kama shida yako inaweza kungoja siku ya ufufuo, enda ukamuambie. Kama haiwezi, leta ule mulango.”

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wilfried alitamani aingie ndani ya tanuri lake ajifungie, ila mlango wenyewe ndio huo, uko chini umekatika. Hata hivyo hakuondoa macho. Alikuwa hajawahi kumwona mwanamke akiushika moto namna ile, akabaki amemkodolea kama mtoto anayetazama radi.

“Umemaliza kuniangalia?” mama akamuuliza. “Ao nikuletee kiti?”

Hiyo ndiyo mara pekee aliyomtazama kwa utulivu, jua likiwaka, pasipo na kitu kati yao. Maana baada ya miezi kadhaa alimpenda msichana mmoja aliyekuwa akinunua mikate yake, Arlette, na siku wazee wake walipompeleka kujitambulisha, akaingia uani, akainua macho, akakuta ile ovaroli ya bluu imeanikwa kwenye kamba.

Mama huyo aliitwa Constance, mzaliwa wa Lweba, lakini Baraka nzima ilimwita Mama Sude, kwa sababu kuchomelea huku wanaita kusude. Ufundi aliupata kambini. Siku walipoandikishwa kwa kozi, wanawake wote walipelekwa kwenye cherehani. Yeye akamwambia mwalimu, “Kushona najua. Nifundishe kushona chuma.” Mumewe, Eugène, ndiye aliyekuwa akimshikia vyuma. Walirudi Baraka pamoja, naye Eugène akafa kwa homa kabla hawajamaliza kuezeka nyumba. Mama Sude akaivaa ovaroli yake na kuendelea.

Tangu siku ya kujitambulisha, Wilfried alikuwa mkwe, na mkwe ni haya. Hakumtazama tena usoni. Akimwona anakuja njiani, aliingia kwenye muhogo wa watu akangoja apite. Hakula mbele yake. Likiwapo neno, lilipitia kwa Arlette, na Arlette asipokuwapo, lilipitia kwenye kitu chochote kilicho karibu. Vijana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao meza moja na chupa za soda, lakini Wilfried alizaliwa mwenye haya. Shule aliishia ya msingi kwa sababu aliogopa kusimama mbele ya watu na kusoma. Kwake desturi ya bukwe, hiyo haya ya ukwe, ilikuwa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake.

Miaka ikapita hivyo. Kisha siku moja Arlette akamwonyesha mama yake picha kwenye simu: mzungu fulani, huko kwao, amejitengenezea nyuma ya nyumba chombo cha kuzama ziwani, cha mtu mmoja, chenye kichwa cha mviringo kinachoonyesha kila upande. Mama Sude akaitazama ile picha, akairudia, akairudia tena.

“Hii ni sude tu,” akasema. “Hakuna kintu hapa chenye mi siwezi.”

“Mama, utaenda kutafuta nini chini ya maji?”

“Kuhe, ile samaki ya ziwa. Nimekula kuhe tangu niko na meno yote. Sijaona hata moja ikitembea.”

Alilitafuta tangi nene la chuma lililotupwa na mwenye mashine ya kusaga, akalikata, akalifunga, akaliwekea mlango mdogo kwa nyuma na vyuma vizito chini. Watoto na wakubwa walipita kumtania. “Mama Sude, unaingia ku chungu kama muhogo?” Naye alijibu kutoka ndani ya tangi, sauti ikivuma, “Lete mboga ya sombe basi, nisitoke mukavu!”

Kilichobaki kilikuwa kichwa. Useni, mwenye mashua inayokwenda Kigoma, alimletea vipande viwili vya pleksi, ile plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, vinene kama kidole gumba. Lakini vilikuwa bapa kama meza. Ili vipate mviringo vilihitaji moto unaoenea sawasawa pande zote, na moto wa namna hiyo Baraka ulikuwa mahali pamoja tu: ndani ya tanuri la mkwe wake.

Akaja asubuhi, mikate ilipokwisha kutoka. Wilfried akageukia magunia ya unga upesi. Mama Sude akasimama upande wa pili wa tanuri, akalisemesha kwa jina lake la huku, furu.

“We furu, jambo. Ambia mwenye yako, niko na mukate moja ya kuchoma. Lakini haiko ya kula.”

Wilfried akayaambia magunia, “Furu inauliza, mukate hiyo inaiva ku moto gani?”

“Moto ya pole. Isichomeke, ilegee tu.”

Kipande cha kwanza kiliharibika. Moto ulizidi, kikajaa mapovu kama chapati. Cha pili Wilfried alikiangalia mwenyewe kupitia ufa wa mlango, na kilipoanza kulegea katikati kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, akasema, “Furu inasema sasa.” Wakakitoa, wakakibana juu ya pete ya chuma, Arlette akawasha kompresa ya fundi wa tairi, hewa ikaingia kwa chini. Pleksi ikaumuka. Iliinuka taratibu, ikanenepa, ikawa duara, safi kama tone la maji. Wilfried, aliyeshinda maisha yake akitazama unga ukiumuka, akainua mkono kabla haijapita kiasi.

“Furu inasema, inatosha.”

Kisha Mama Sude akaligonga tanuri kwa kiganja, kama anavyogongwa mtu begani.

Jambo la haya lilikuja siku ya kukifunga kile kichwa.

Kichwa kilikaa juu ya tangi, chini yake mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori, juu yake pete ya chuma yenye bolti. Bolti zilipita mpaka ndani. Kwa hiyo palihitajika watu wawili, mmoja ndani akishika nati, mmoja nje akikaza, na kukaza kwenyewe ni kwa zamu: huku kidogo, kisha ng’ambo kidogo, isije pleksi ikabanwa upande mmoja ikapasuka. Arlette alikuwa na mimba kubwa. Useni alikuwa safarini. Mama Sude akaingia tangini, akatokeza kichwa ndani ya kile kioo, na nje akabaki Wilfried na spana.

Mtu asiyejua bukwe ataona ni kazi ndogo. Uso wa mkwe wake ulikuwa pale, karibu kuliko uso wa mkewe wakati wa kula, umezungukwa na mwanga, hauna kitambaa wala ukuta wa kuuficha. Jasho likamtoka. Akageuza shingo, akatazama ziwa. Akakaza bolti kwa kupapasa, vidole vikitafuta, macho yakihesabu mitumbwi isiyo na maana kwake. Mama Sude aligonga kioo mara kadhaa kumwonyesha jambo. Yeye akazidi kutazama ziwa. Spana ilipogoma kila mahali, akasema na upepo, “Imeisha,” akaondoka bila kuitazama kazi ya mikono yake.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu walijaa ufukweni. Tangi lilipakiwa kwenye mashua ya Useni, wakasogea mpaka mahali ambapo maji ni marefu kama mchikichi mmoja. Arlette alibaki nchi kavu na tumbo lake.

“Mama Sude,” Useni akasema akifunga kamba, “mi nimesafirisha ndagaa, mihogo, hata maiti. Lakini muntu muzima ndani ya chungu, hii ni mara ya kwanza.”

“Usiogope. Nikirudi maiti, hiyo unajua kusafirisha.”

Akaingia. Useni akakaza mlango wa nyuma, tangi likateremshwa mpaka likaning’inia kwa kamba ubavuni mwa mashua, kichwa tu kikiwa juu ya maji. Wilfried alikuwa amepewa kazi ya kushika kamba ndogo ya ishara. Kamba ilitokea karibu na pete, na kwa kuitazama kamba, macho yake yakafika kwenye mpira.

Mpira ulikuwa umejikunja. Upande ule aliokaza akitazama ziwa, ulitoka nje ya pete kama ulimi wa mbuzi.

Mdomo wake ukafunguka. Neno lilikuwa moja tu, ngoja, na hata mtoto analijua. Lakini nyuma ya neno hilo yalikuwapo maswali ya Useni, na ya vijana wa mashua, na ya watu wote wa ufukweni: nani alikaza? Alikuwa anatazama wapi? Na jibu lingekuwa kwamba mwanamume mzima aliogopa uso wa mama mzee. Akajiambia kwamba maji yenyewe yataubana mpira, kwa kuwa Mama Sude aliwahi kusema maji hukaza kuliko spana. Akajiambia labda ndivyo unavyotakiwa kukaa. Mdomo ukafungika.

Useni akalegeza kamba, tangi likashuka. Watu wakapiga vigelegele.

Mapovu yalianza madogo, kama ya sufuria inayotaka kuchemka. Halafu yakawa mkufu. Kisha kamba ya ishara ikatikiswa mkononi mwa Wilfried, na ufuko mzima ukasikia sauti yake, ambayo haukuwahi kuisikia.

“Vuta! Vuta, Useni! Mama yangu! Mama yangu iko na kufa!”

Walivuta mpaka viganja vikachubuka. Tangi lilitoka zito, na kioo kilikuwa kimejaa maji karibu chote. Juu kabisa, pale penye hewa kidogo, palikuwa na pua na mdomo wa Mama Sude vimebanwa kwenye pleksi. Wilfried aliuona uso ule kwa karibu sana. Useni alipofungua mlango, mama akatolewa akikohoa, kitambaa cha kichwa kimebaki majini, nywele nyeupe ziko wazi, nguo zimemshika mwili, mbele ya mkwe wake na mbele ya Baraka nzima. Wilfried akavua shati lake, akalinyoosha nyuma yake bila kugeuka, mpaka likachukuliwa.

Mama Sude akajifunika. Akakohoa tena. Halafu akaugonga ubao wa mashua.

“We mashua. Uliza mukwe yangu. Siku ya kukaza, alikuwa naangalia wapi?”

Hakuna aliyecheka. Wilfried akauambia mguu wake mwenyewe, “Ku ziwa.”

“Ah. Basi ziwa nayo ilikuwa naangalia ku mpira.”

Hapo ndipo walipocheka, na kicheko hicho kilimfuata Wilfried sokoni, kanisani, mpaka kwenye foleni ya maji. Wateja waliochukua mikate waliuliza kama ameikanda akitazama ziwa. Yeye alicheka nao kidogo, kwa sababu kicheko hicho kiliyahusu macho yake tu. Kuhusu mdomo wake hakuna aliyejua. Hilo alilala nalo, akaamka nalo, akawasha nalo moto. Hata Arlette hakumwambia.

Kama desturi inavyotaka, alipeleka kuku na kitenge cha kuondoa aibu ya kuuona utupu wa mkwe. Arlette akarudi na jibu: kuku ameliwa, kitenge kimevaliwa, na kesho uje na spana.

Watu wakamwambia Mama Sude achukue mtu mwingine. Useni alijitolea mwenyewe.

“Hapana,” akasema. “Yeye njo mwenye nataka.”

Kesho yake akaingia tangini. Kabla ya kuinamisha kichwa, akalisemesha tangi kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia: “We tangi, sikia sheria ya leo. Kioo ni ukuta. Muntu mwenye iko nyuma ya ukuta, mukwe anaweza kumuangalia, haiko kosa. Mi mwenyewe nimesema, na mi niko mukubwa kuliko wote hapa.”

Wilfried akatazama. Mwanzoni alitazama mpira, kisha bolti, kisha, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kujua anachoonyeshwa, alimtazama yeye. Alama za cheche zilikuwa zimeongezeka. Nyusi moja iliungua, haikuota tena. Pengo lilikuwa lile lile. Alinyoosha kidole ng’ambo, Wilfried akakaza ng’ambo. Mama akatikisa kichwa, Wilfried akalegeza. Mama akafumba macho, ndiyo kukubali. Kazi ambayo mara ya kwanza iliisha kabla chai haijapoa, sasa iliwachukua mchana wote, na walipomaliza, mpira ulikuwa umetulia pande zote kama ukucha kwenye kidole.

Siku iliyofuata alishuka ziwani, na alipopandishwa alikuwa mkavu. Ilikuwa jioni, uani, wanawake wamemzunguka, ndipo aliposimulia. Wilfried alisikia akiwa nyuma ya ua wa matete, anapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa tena.

“Nimeiona,” alisema. “Baba na mama, na batoto yao katikati, bengi, kama moshi. Mi nilifika, baba akakuja mbele ya kioo, akanisimamia. Hee! Mi niliogopa. Kesho kutwa nitamukula tena, lakini leo aliniogopesha.” Akapaza sauti kuelekea ua wa matete. “Na macho yake ni ya mukwe! Inakuangalia, halafu inajifanya haikukuona.”

Alishuka tena mara kadhaa, kila Useni alipopata nafasi, mpaka kifua kilipoanza kumkamata. Tangi likabaki uani, kuku wakataga ndani yake, na kile kichwa kikawa kinaonyesha kuku. Msimu wa mvua ulipofika hakuweza tena kufika karakana. Hospitali ikamrudisha nyumbani. Kila asubuhi Wilfried alileta mkate mmoja laini, akampa Arlette mlangoni, akaondoka.

Asubuhi moja Arlette alikuwa amekwenda mtoni na mtoto mgongoni. Wilfried akauweka mkate kwenye kiti cha nje. Sauti ikamwita kwa jina lake, bila kupitia mlango wala kiti.

“Wilfried. Ingia.”

Akaingia kinyumenyume, akasimama akiuelekea ukuta wa udongo.

“Siku ile ku mashua,” alisema, akipumua katikati ya maneno, “unazania kioo inaonesha tu mwenye iko ndani? Mi pia nilikuwa naangalia. Macho yako ilifika ku mpira. Mudomo ikafunguka. Ikafunga.”

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye mabati. Wilfried alihisi masikio yake yanawaka kama mlango wa tanuri.

“Nikajua iko kintu. Nikasema, hapana, mukwe wangu hawezi kunyamaza juu ya kufa kwangu. Njo maana nikakaa, nikashuka.”

Alitaka kusema. Alitafuta kitu cha kukisemesha, kiti, mkeka, chungu cha dawa, na vyote vilikuwa nyuma yake. Mdomo ukafunguka.

“Mara ya pili nilikurudisha ku spana sababu ya ile,” akaendelea. “Nilijua hakuna muntu mwingine atakaza vile. Sikumuambia Arlette. Geuka sasa, nikuone bila kioo.”

Shingo ya Wilfried ilikuwa kama bolti iliyoshikwa na kutu. Akaukaza uso wake kwenye ule udongo, machozi yakateremka mpaka kidevuni, mdomo ukafungika, wala hakugeuka. Kitanda kikalia. Akasikia mama akijilaza tena, akasikia pumzi ikitafuta njia, na ndani ya pumzi hiyo kicheko kidogo, kile kile cha nyuma ya soko la samaki.

“Basi iangalie muzuri hiyo ukuta, mukwe. Iko na ufa.”